Waya wa Feni Niliuchomoa Mimi

Binti yangu,

Chakula kiko kwenye sufuria ndogo. Kifuniko cha rejeta ya gari usikiguse kwanza, bado ni cha moto. ~~Ufunguo wa gari nimeondoka nao.~~ Ufunguo uko juu ya friji.

Asubuhi nilikufokea mbele ya bibi yako kwamba gari limechemka kwa sababu huangalii maji. Ukaenda kazini kwa miguu. Nikaongeza maji, nikaliwasha boneti ikiwa wazi. Mshale wa joto ukapanda, na feni wala haikuzunguka. Nikaufuata waya wake kwa kidole, nikaukuta umechomoka. Niliuchomoa mwenyewe Jumapili nikibadilisha betri, nikasahau kuurudisha. Wewe umeliendesha hivyohivyo siku tatu, na lawama ukabeba wewe.

Nimeuchomeka. Feni inazunguka, mshale umetulia katikati. Kesho bibi mpeleke kliniki wewe, mimi nitakaa kiti cha nyuma.

Nimemwambia kosa ni langu. Akasema nikuombe radhi kwa mdomo, si kwa karatasi. Nitakuomba nikitoka zamu, ila sikutaka ushinde na kinyongo mpaka usiku.

Baba