Pori la Zarvane

Rumonge, Jumatatu

Yaya Sabrina, dada yangu mukubwa,

Amahoro? Sisi huku tuko, ndagala zimerudi ziwani. Kitenge ulichotuma kutoka Kigoma nimekishona, murakoze sana.

Majirani wote tulikuwa tunaangalia filimu kwa papa Lukeba, yule Mukongomani mwenye televizyo ya batri. Ni filimu ya kuendelea. Mule ndani iko pori linaitwa Zarvane, limejaa ukungu, na hakuna aliyeingia akaonekana tena. Watu wamelishika jina hilo. Kule Kizuka, kwenye mashamba ya michikichi, siku hizi hakuna anayetaja mahali hapo kwa jina, maana hujui nani anakusikiliza na yuko upande gani. Wanasema tu Zarvane.

Mimi nilikuwa sijui. Alhamisi jirani yangu Vestine alinikuta naanika ndagala, akaniambia polepole, "Mama, Anwari wako wamemupeleka Zarvane."

Nikacheka. Nikamuambia, "Leo batri imekufa, hakuna filimu."

Yeye hakucheka. Alichuchumaa, akaanza kugeuza ndagala pamoja na mimi.

Shemeji yako Anwari alikuwa amefuata mawese ya kuuza kule Kizuka. Sahani yake bado naifunika kila jioni.

Papa Lukeba naye amekimbilia Uvira na televizyo yake, filimu haijaisha. Yaya, kama huko Kigoma wanaionyesha, iangalie mpaka mwisho, halafu uniandikie: iko mutu alitoka?

Mudogo wako anayekungoja,
Mariyamu