Maji Yafike Mitendeni

Ijumaa, 7 Novemba 2025
Tuko shamba, kaskazini ya Doha. Mimi, bosi wangu Mama Moza na mwanawe Ghanim. Nilidhani nakuja kupika tu. Wapi! Mama amenishika mkono hadi kwenye kisima cha babu yake. Kutoka hapo kuna mfereji wa udongo, mkavu, umejaa nyufa, hadi mitende saba ya zamani. Ghanim anataka kuufukia, aweke paipu. Mama hataki kusikia! Wamebishana, wakaafikiana: maji yakifika mtende wa saba kufikia Ijumaa ijayo, mfereji unabaki. Yasipofika, tingatinga.

Mama akaniuliza kama kwetu Marakwet tuna mifereji. Nikajibu ya mababu, tena mirefu! Mdomo wangu huu. Sikumwambia kwamba kwetu mwanamke haruhusiwi kuigusa.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimeziba nyufa kwa mawe na mchanga, nikawasha pampu kwa nguvu zote. Ukingo ukabomoka! Nimelia nyuma ya stoo. Ghanim hakunicheka, na hiyo ndiyo imeniuma zaidi.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimempigia Baba. Akasema hiyo ni kazi ya wanaume. Nikamwambia hapa hakuna mwanaume anayeijua. Akakohoa weee. Mwishowe: nyasi kwanza, udongo juu yake, maji kidogo kidogo mpaka mfereji ushibe. Akakata simu bila kwaheri. Baba huyu!

Jumatano, 12 Novemba
Nyasi hakuna, tumetumia makuti makavu. Mama anakanda udongo na mimi, abaya yake yote matope. Anasema babu yake alipima zamu za maji kwa kivuli cha kijiti. Mgongo unaniua. Nina furaha.

Ijumaa, 14 Novemba
Tingatinga limefika saa mbili asubuhi. Tumefungua maji kidogo. Mtende wa kwanza, wa pili — Mama anatembea nayo, bismillah, bismillah — wa tano, wa sita. Yakasimama! Ufa mpya. Dereva akauliza aanze? Ghanim akamwambia akanywe chai kwanza. Kisha Ghanim akavua viatu, akaingia mferejini mwenyewe!

Nimeambiwa nipumzike, ndiyo naandika. Baba amepiga simu ya video — yeye mwenyewe! Nimemgeuzia simu aone. Anafoka: huyo mwanaume amefundishwa na nani, mbona anaweka udongo kabla ya makuti? Mwambie, Milka. Wewe ndiye unayejua.

Naenda kumwambia.