Pamba Kwenye Shamba la Wageni

Shikamoo, Bibi Somoe.

Najua sitaisikia marahaba yako, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia. Ulinilea tangu mama alipofariki, ukanifundisha jembe na mbegu. Baba alinifundisha herufi, na leo nazitumia kukupa habari za shamba. Hapa Kitangari kila mtu ameyaona mambo haya kwa macho yake na hakuna anayetaka kuyazungumza.

Siku ya maziko yako Hamisi alilia kutushinda wote. Mtoto wa dada yako, uliyemlisha na kumvika pamoja nami, ilibidi ashikwe mabega asianguke kaburini. Arobaini ilipokwisha, wazee wakauliza nani atasimamia shamba lako la wageni, pale mpita njia mwenye njaa alipojichumia. Mimi ndiye niliyemtaja, Bibi. Nilisema amekulia pale, desturi anazijua. Wakakubali.

"Hakuna kitakachobadilika, dada Fatuma," aliniambia kwa ile sauti yake ya upole.

Hata mwezi haukwisha. Akaenda Newala kwa akida. Hakuitwa, alikwenda kwa miguu yake. Akida alikuwa anatafuta mahali pa pamba ya Wadachi, hao Wajerumani wanaotutawala, na Hamisi akamwambia liko shamba kando ya chemchemi, limekwisha kulimwa, na halina mwenyewe. Maneno yako yaleyale. Wewe ulikuwa ukituambia shamba hili halina mwenyewe ili mwenye njaa asione haya kuchuma. Yeye aliyasema ili lichukuliwe. Akarudi na kanzu mpya, kofia nyekundu, na askari mmoja wa kutusimamia.

Waling'oa muhogo ukiwa bado mwembamba kama vidole. Kunde zilikuwa zimetoa maua. Nilimwona Hamisi akipita juu yake na viatu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukishuka kuteka maji, kila mwanamke akipalilia kidogo kabla ya kujaza mtungi wake? Hakuna aliyelazimishwa. Uliwahi kumwambia Mama Zainabu, akiwa na mimba kubwa, "Wewe leo mwagilia kwa macho tu," tukacheka mpaka tukakaa chini. Sasa Hamisi ameweka lango kwenye njia ya chemchemi. Asiyepalilia mstari mzima wa pamba hateki maji. Mama Zainabu alirudi na mtungi mtupu, ana homa, akaupanda mlima wote ule. Hamisi akasema ni desturi ya Bibi Somoe, yeye ameitengeneza tu.

Kisha akaja yule mama. Alitoka nchi ya vita, kule Wadachi walikowachomea watu maghala, ana mtoto mgongoni. Miguu yake ilikuwa imepasuka. Mtu aliwahi kumsimulia habari za shamba lako. Akatuuliza, "Ndipo hapa anapokula mgeni?" Tuliendelea kupalilia. Tulikuwa tumeinama kwenye pamba, askari anatutazama. Yeye akaona majani ya maboga yaliyojiotea pembeni, akaanza kuchuma.

Askari alimchapa viboko mbele yetu sote. Hamisi alimfungua yule mtoto mgongoni mwa mama yake akambeba, kiboko kisimpate. Alisimama hivyo mpaka askari akamaliza, akambembeleza mtoto, kisha akamrudisha. Nilimchukua yule mama nyumbani kwangu. Yale majani alikuwa bado ameyashika, ikabidi nimfungue vidole. Jioni Hamisi akapita mlangoni na kuniuliza, "Lakini uliona nilivyomkinga mtoto?"

Alitaka nimsifu, Bibi. Nilimfungia mlango nikarudi kumwosha yule mama mgongo.

Mgeni wetu alikaa kwangu siku tatu, kisha akaenda Lupaso kwa ndugu zake. Alipoondoka nilishusha kapu lako la mbegu kutoka juu ya moshi wa jiko, nikaita wanawake, nikawagawia njugumawe, kunde na mtama mpaka kapu likaisha. Wengine waliogopa wakarudisha. Wengi walifunga kwenye pindo za nguo wakaenda zao.

Kesho yake Hamisi akaja kutaka zile njugumawe. Akida anakuja kukagua pamba, na yeye anataka kumpikia.

"Zimekwisha," nikamwambia.

"Wewe ni dada yangu. Usinitie aibu mbele ya wakubwa."

"Nenda kwa huyo mkubwa akupe mbegu."

Akainua mkono. Watu walikuwa wanatazama, akaushusha na kuitengeneza kofia yake. Tangu siku hiyo nimekatazwa chemchemi. Nateka maji bonde la pili. Nikitoka alfajiri, adhuhuri ndipo ninaporudi. Shingo inauma, lakini kwenye ile pamba siinami tena.

Nyuma ya nyumba ya Mama Zainabu kunde zimeota. Kwingine ni tuta moja, kwingine hata tuta halijatimia. Juzi walipita watu wawili kutoka huko huko vitani, wakapewa chakula nyumba tatu tofauti, na Hamisi hakujua. Shamba lenyewe limekwenda, Bibi. Sitakudanganya kwamba tutalirudisha.

Jana aliniamkia njiani kama zamani. Nilimpita nikaenda zangu. Najua ungenikemea, maana ulituweka sinia moja tangu wadogo ukasema nyinyi ni ndugu mpaka kufa. Nisikilize basi. Mkewe na watoto wake wakija na njaa, watakula kwangu, na sitawauliza baba yao yuko wapi. Hilo nakuahidi, na nitalitimiza. Akija yeye, usiniombe ahadi. Nikiufikiria mkono wake kwenye chakula changu nasikia kinyaa, na sijui kama kitaisha.

Kwa heri, Bibi. Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Fatuma