Mlango wa Kushoto wa Pijo Lako

Fundi,

Nimekasirika, na kwa kuwa wewe ndiye uliyezoea kunisikiliza nikiwa hivi, utanisikiliza tena. Safari hii huna pa kukimbilia, huwezi kusema unakwenda kunywa chai.

Jana tumekuwekea msalaba kule kwako Ihanda. Kaburi limesakafiwa vizuri, jina lako halijakosewa hata herufi, kwaya imeimba mpaka wanakwaya wakaomba maji. Watu wamekula wakashiba. Ungefurahi. Halafu likaja suala la Pijo lako, lile gari la kubebea kahawa, shughuli ikaharibika, na aliyeiharibu ni mimi Sekela, mwanafunzi wako.

Acha nianze mbali kidogo, usinikatishe.

Tangu tukuzike ni mwezi wa saba sasa. Gereji naiendesha mimi, palepale Tunduma, jirani na foleni ya malori, vumbi lilelile, kompresa ileile inayokohoa. Wateja wengi wamebaki. Wachache walifika, wakaona mwanamke ndiye kashika bomba la rangi, wakakumbuka ghafla kwamba wana haraka. Waende salama. Pijo lako nimeliweka ndani chini ya bati, na kila Jumamosi naliwasha na kulizungusha mpaka kwenye mizani na kurudi. Halijabadilika. Paa limepauka, ukiligusa linaacha unga mkononi. Bodi ya nyuma imesuguliwa na magunia ya kahawa mpaka bati linaonekana. Pale dirishani ulipokuwa unaegemeza kiwiko, rangi imekwisha kabisa.

Wiki tatu zilizopita akaja mwanao Eliudi kutoka Dar es Salaam. Akalizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, utafikiri mkaguzi. Akasema anataka lipakwe rangi nyeupe ile ya lulu, inayometameta, tena apate na ringi za kung'aa, liegeshwe karibu na kaburi siku ya msalaba. "Baba hawezi kuadhimishwa na mkweche." Ndivyo alivyosema, Fundi. Mkweche! Eliudi ambaye hajawahi kupakia hata gunia moja la kahawa kwenye huo mkweche, na ada yake yote ya shule ilitokea humo. Nikamwambia rangi ya lulu inataka bati lililonyooka, na hili lina mabonde kila mahali, linahitaji kazi ya miezi. Akanijibu, "Wewe paka tu." Paka tu! Ndiyo hao wanaopaka rangi juu ya vumbi, juu ya kutu, juu ya kinyesi cha ndege, halafu mvua mbili tu gari linabambuka. Nikamwambia gereji yangu haina hiyo "paka tu". Akanuna.

Ulipokuwa hai nilikuuliza mara moja kwa nini unawapakia watu wote rangi na lako huligusi. Ulisema, "Likiwa na rangi nzuri nitaogopa kulipakia kahawa." Basi. Jibu la mtu mwenye akili, halikuhitaji mkutano.

Sasa Eliudi katika kutafuta hizo ringi zake akarusha picha za Pijo kwenye simu. Hapo ndipo alipotokea yule ninayemwita Bwana Kutu. Jina lake halisi analo, lakini hili limemkaa vizuri zaidi. Ni mpenzi wa magari ya zamani, eti wako wengi, wana na chama. Alisafiri kutoka Dar mpaka Tunduma kuja kuliona. Alifika na kofia ya majani na glavu nyeupe, Fundi, glavu nyeupe ndani ya gereji ya rangi! Nilikuwa nimeshika kitambaa nafuta vumbi kwenye boneti. Akapiga yowe utafikiri nimemkanyaga mtoto. "Usifute, dada yangu! Hilo vumbi ni historia!"

Vumbi la malori ya shaba, historia. Nikamwuliza kama anataka nimfungie na lingine kwenye mfuko aondoke nalo. Hakucheka.

Akaanza kunifundisha. Akasema rangi iliyochakaa ina heshima yake. Akasema anayepaka gari la kale rangi mpya ni muuaji. Akasema gari hili linazungumza. Mimi nimekaa na hilo gari miaka kumi na mitatu, halijanipa hata habari za asubuhi. Kisha akanionyesha kwenye simu kitu ambacho mpaka leo nikikumbuka nasonya: vijana huko mjini wanachukua gari zima, wanalikwangua, wanalimwagia maji ya chumvi na siki mpaka lishike kutu, halafu wanapaka vanishi juu ya hiyo kutu isiendelee. Kutu ya kutengeneza! Sisi hapa tunakesha na misasa mvua zikianza, mtu mzima na ndevu zake anaipalilia kutu kama mboga. Na kijana aliyefanya hivyo anajiita fundi rangi.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonikwama ni mlango wa kushoto, ule wa upande anaokaa Mama, mkeo. Bwana Kutu alipofika pale akavua glavu. Akapitisha vidole polepole kwenye ile rangi iliyokunjana, mkunjo mmoja baada ya mwingine, macho kayafumba. Akaniambia hajawahi kuona kitu kama kile. Akasema hilo ni jua la Mbozi la miaka hamsini, hakuna mkono wa binadamu unaoweza. Akaniuliza kama ninaweza walau kujaribu kumwigizia kwenye milango miwili ya gari lake jingine.

Nilinyamaza, Fundi. Nilinyamaza kwa sababu wewe na mimi tunajua mlango ule si jua.

Mwaka wa pili wa kufundishwa kwangu, lori lilirudi nyuma likaubonyeza. Wewe ukaunyoosha, ukaupaka rangi ya mafuta, kisha ukaniambia koti la mwisho nipige mimi, kazi yangu ya kwanza peke yangu. Nikavuka mpaka wa Zambia hadi Nakonde kununua tina ya kuyeyushia rangi, kwenye chupa ya mafuta ya kula kama tunavyonunua wote, na yule muuzaji akaniapia kwa adabu ya Kibemba, "Ni yenyewe, mukwai." Ulikuwa umenifundisha mara mia: tone moja juu ya kucha kwanza, ikikupiga baridi ghafla hiyo ni kali, ya kukausha haraka, usiipeleke juu ya rangi ya mafuta, itaikunja. Sikuweka tone. Nilikuwa na haraka ya kuitwa fundi. Nikapiga. Mbele ya macho yangu rangi ikaumuka, ikakunjana mlango mzima kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulikuja, ukatazama, ukasema neno moja: "Ufunge." Nikaurudisha garini ulivyo. Na kesho yake ukaondoka nao kwenda kuchukua kahawa.

Hukuurudia. Miaka kumi na mmoja kila asubuhi gari linaingia gereji na ule mlango unanikodolea macho. Nilijua kwa nini. Nilijua unataka nione aibu yangu kila siku ninapopata kiburi. Na nikuambie ukweli, maana huwezi kunifukuza kazi tena: nilikuchukia kidogo kwa hilo. Kila asubuhi, kidogo. Siku ulipokufa nililia mpaka sauti ikakauka, na bado hicho kidogo kilikuwepo.

Basi jana. Nikaendesha Pijo mpaka Ihanda likiwa vilevile, kwa sababu kumbe Eliudi alikuwa amekwishageuka. Aliposikia Bwana Kutu anataka kulinunua, mkweche ukawa "urithi". Hakuna tena lulu wala ringi. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anawafukuza watoto wasiliguse. Walikubaliana kwamba baada ya chakula Bwana Kutu aondoke nalo. Mama hakuna aliyemwuliza. Alikaa kwenye mkeka na kina mama wenzake, mikono mapajani.

Baada ya kula Bwana Kutu akasimama kuwaelimisha watu. Mkono juu ya mlango wa kushoto. Akatoa hotuba ya jua na miaka na heshima. Wazee wa watu, wanaojua kutu kwa sababu inawalia mabati ya nyumba, wakamsikiliza kwa adabu kama wanavyosikiliza wageni. Kisha yule mwenye mabasi madogo ya Itumba, mtu wa kwetu kabisa, akaangua kicheko.

"Jua gani, bwana? Huo mlango kauharibu marehemu. Aliniambia mwenyewe kwa mdomo wake, alikosea tina. Nikasema kama fundi mwenyewe siku hizi hatofautishi tina, basi. Ndiyo maana nikahamisha magari yangu."

Watu wakacheka. Kicheko cha kawaida tu cha msibani, cha kumkumbuka mtu. Siku ya msalaba wako, Fundi, wanacheka kwamba wewe ulikosea tina. Wewe! Nikageuka kumtazama Mama, nikidhani atabisha. Akanivuta nikae. Akaniambia taratibu, "Alimwambia hivyo kila aliyeuliza. Alisema wakijua ni wewe, hakuna Tunduma hii atakayemwachia mwanamke gari lake tena. Na akiupaka upya wataulizana zaidi nini kilitokea. Akasema heri wauone, na aseme ni yeye."

Nilikumbuka yale mabasi. Yalikuwa matatu, tukiyapaka sisi kila mwaka kabla ya msimu wa mvua, halafu siku moja hayakuja tena. Nilikuuliza. Ukasema, "Kapata fundi wa karibu." Ukaendelea kusugua.

Hivi wewe mtu ulikuwaje? Ungeniambia! Ulidhani siwezi kubeba kosa langu mwenyewe? Miaka kumi na mmoja unanibeba mgongoni na mimi huko juu nakununia. Wa kudharauliwa katika hadithi hii nimewahesabu vizuri sana, Eliudi na lulu yake, Bwana Kutu na glavu zake, na nimegundua nilijisahau mimi.

Nikasimama. Nikasema mlango ule niliuharibu mimi. Marehemu hajakosea tina hata siku moja ya maisha yake. Nikaeleza yote, chupa, haraka, tone ambalo sikuliweka. Nikamtazama yule wa mabasi machoni, nikamwambia alihama kwa sababu yangu na si kwa sababu yako.

Ungemwona Bwana Kutu. Aliondoa mkono mlangoni polepole, akautazama, akaupangusa kwenye suruali. "Kumbe ni kosa tu," akasema. Mlango uleule, mikunjo ileile aliyoipapasa macho kayafumba, haikuwa na heshima tena, maana imetengenezwa na msichana wa Ileje kwa dakika tano. Hata soda hakumaliza. Eliudi alinifuata mpaka jikoni, akaniuliza, "Ungenyamaza ungekufa?" Mama ndiye aliyemjibu, na ndiyo sauti pekee aliyoitoa siku nzima kuhusu hilo gari: "Sasa ningepanda nini kwenda kanisani?" Eliudi akatazama chini. Pijo limebaki.

Yule wa mabasi alipanda gari lake akaondoka. Najua habari itakuwa imefika Tunduma kabla yangu, na najua leo asubuhi lori moja lililokuwa liingie halikuingia. Labda ni bahati tu. Labda siyo.

Sasa nisikilize, hili ndilo nililotaka kukuambia. Bodi yako siigusi, paa siligusi, pale pa kiwiko chako atakayepeleka msasa nitamvunja mkono. Hayo umeyachakaza mwenyewe kwa kazi. Sitayapaka lulu na sitayapaka vanishi. Lakini mlango wa kushoto haukuchakaa, ule ulikuwa unasema uongo kwa niaba yangu, na uongo huo umetosha. Jumatatu naukwangua mpaka bati. Praima ya kushikia rangi, kisha rangi ya krimu ileile ya zamani, kwa mkono wangu. Mama akae upande wenye rangi nzuri. Na yeyote atakayeniuliza kwa nini mlango mmoja ni mpya nitamweleza habari nzima, hata kama ameshika ufunguo wa gari lake mkononi na anaweza kuondoka nalo. Wateja wako waliondoka kwa sababu yangu na hukusema neno. Wangu wakiondoka, nitavumilia.

Nisamehe zile asubuhi.

Pumzika, Fundi wangu. Umechoka kunificha.

Ni mimi, Sekela, niliyeharibu mlango.