Jibu la Posa ya Zuhura

Namtanguliza Mola, aliyetuumba sote na aliyekupokea wewe kabla yangu. Assalaamu alaykum, Mama Zuhura, wewe na majirani zako hapo mlipolala. Sisi huku Mohoro tu wazima. Mpunga umetoka, ingawa mashamba ya chini yameonja chumvi, na paa la jiko lako nimeliezeka upya.

Nakuandikia kwa sababu nimekwama, na katika nyumba hii hakuna mwingine wa kumuuliza.

Mwanao ameposwa. Ni watu wa Kibiti, wafanyabiashara, wacha Mungu, na kijana mwenyewe nimeswali naye. Mshenga wao, Mzee Salumu, alikuja kwa adabu zote, tukaipokea posa. Kisha siku moja akamkuta Zuhura dikoni akiteremka kwenye boti iliyotoka Mbwera, amevaa mabuti na suruali iliyojaa tope, amebeba chombo chake cha kupimia chumvi ya mto. Ulipoondoka ndiyo kwanza alikuwa anaingia chuo kikuu kusomea fizikia. Sasa yu mwaka wa mwisho.

Mzee Salumu akarudi na sharti. Alikuwa akiutazama mkeka aliposema, "Shehe, wenyewe wana wasiwasi. Wanasema wasichana wa masomo yale hawapendi wanaume. Ayaache, asomee jambo la kike, mambo yatakwenda." Akanitajia na kijana wa Chumbi anayesomea uuguzi, ambaye watu wamempa jina ambalo kalamu yangu haiandiki, kwa kuwa tu anaosha wagonjwa.

Nimefundisha madrasa umri wangu wote, na hili sijawahi kuulizwa. Nimefungua vitabu vyangu. Nimekuta elimu imeamrishwa, nimekuta haya imeamrishwa, nimekuta kumsingizia mwanamke kumeharamishwa. Sijakuta mahali panaposema kwamba hesabu hugeuza moyo wa mtu. Lakini wasemao hivyo ni watu ninaosimama nao safu moja, na wanasema kwa uhakika mkubwa. Wamejuaje?

Hata somo yake, Bi Pili, aliyemcheza unyagoni, walimfuata kumuuliza kama mwali alikuwa mzima. Akawajibu, "Nimemcheza mwenyewe. Kama mnaogopa mwanamke anayejua hesabu, kaposeni mbuzi." Ungekuwepo, tungecheka wote. Peke yangu sikuweza.

Na hapa ndipo ninapopotea. Moyo wa Zuhura sijui umeelekea wapi. Baba hamuulizi binti yake mambo hayo. Wewe ndiye uliyekuwa mlango. Mlikuwa mkipeta mchele uani, mkinong'ona, kisha unaniambia lile ninalopaswa kulijua, mengine unayameza. Sasa mimi naye tunakula tumeinama.

Juzi, akiosha mabuti yake, alisema bila kuniangalia, "Baba, mimi naisoma chumvi ya mto. Wao wananisoma mimi." Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba amechoka.

Alipokuwa mdogo, akiniandama kwa maswali kwa nini maji ya mto hurudi nyuma, ulikuwa ukiniambia, "Mwache aulize, Shehe. Wewe jibu, au ukiri hujui." Basi leo nakiri, mke wangu. Sijui.

Baada ya swala ya Ijumaa nitakwenda Kibiti mwenyewe. Nitawaambia kwamba posa tuliipokea bila sharti, na bila sharti itaendelea, au waichukue. Fizikia yake ataimaliza. Wakivunja nitaumia, maana kijana yule nilimpenda.

Kwaheri, Mama Zuhura. Nakuahidi jambo moja. Nitaketi uani kwenye kigoda chako, nishike ungo, ingawa kupeta sijui. Zuhura akitaka kusema, awe na wa kumwambia, na lolote atakalosema nitalisikiliza nikiwa nimeketi. Akinyamaza, nitaendelea kupeta.

Mola alipanue kaburi lako, alitie nuru, na aihifadhi nyumba uliyotuachia pamoja na wote waliomo.

Mumeo, Baba Zuhura