Riziki Hataki Kliniki

Jumatatu, 6 Machi 2017
Mashati manne ya sare, vifungo bado. Mdogo wangu Riziki hakuja kazini. Analala ubavu mmoja, titi linamuuma. Uvimbe ameujua tangu Desemba, mimi nimeambiwa jana. Kliniki hataki. Hajioni mwanamke wala mwanamume, na mwaka jana nesi alimuuliza mbele ya foleni nzima yeye ni kitu gani. Watu wakacheka.

Alhamisi, 16 Machi
Nimempeleka mwenyewe. Fomu ina visanduku viwili: mwanamume, mwanamke. Akaviacha wazi. Karani akairudisha. "Jaza, au mpishe mwingine." Nikamwambia Riziki atie alama popote, tumwone daktari. Alinitazama kama nami nimecheka. Tumerudi mtaani kwetu Bertrams kwa miguu.

Ijumaa, 5 Mei
Kanga anaifunga kifuani kwa nguvu. Damu kidogo kwenye shuka. Ananificha. Nimeifua.

Jumanne, 13 Juni
Amekubali daktari mwingine, mama mmoja aliyetajwa na wenzake wa hali kama yake wanaokutana Jumamosi. Kabla ya kumgusa alimuuliza, "Ungependa nikuiteje?" Riziki akalia. Miaka ishirini na tisa, hajawahi kuulizwa.
Majibu yametoka leo: ni saratani, na imefika mapafuni. Angekuja mapema, alisema daktari.
Nina hasira na nesi, na karani. Na mimi mwenyewe.

Jumapili, 20 Agosti
Hali chakula tena. Ameomba jambo moja: akifa, asioshwe na watu watakaomshangaa.

Ijumaa, 25 Agosti
Amefariki alfajiri. Mkono wake ulikuwa mkononi mwangu.
Nimekwenda mtaa wa Mayfair kwa Bi Zainabu, anayeosha maiti za wanawake. Nimemweleza yote. Aliendelea kukunja sanda. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi naosha waja wa Mungu. Twende. Wewe utamimina maji."
Tulikuwa wawili tu. Hakuuliza kitu. Alipofika kifuani alilegeza mkono, kama anayeogopa kumuumiza.
Amezikwa alasiri.

Jumatatu, 28 Agosti
Kazini. Suruali mbili za kupunguza kiuno. Nimekosea pindo, nikafumua.
Mama kapiga simu kutoka Tanga. Aliuliza imamu alimtaja kwa jina gani. Nikasema, Riziki, jina alilojichagulia mwenyewe. Mama akauliza kama huku mvua inanyesha.
Nikamwambia hapana. Upepo tu, na vumbi.