Nilimvuta Mke Wangu kwa Zumu

Mpendwa Mama Hajara, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana wivu unaniua. Mimi ni mwalimu, kwetu ni Ediofe lakini naishi Dranya na mke wangu Emilia, na kila Jumamosi natembea porini na kamera yangu, si zile za kubadilisha lenzi, ni ile yenye zumu ndefu iliyoshikamana nayo, inavuta ndege wa ng'ambo ya bonde mpaka unaona jicho lake, na Emilia hunitania, "Wewe iko na ndege yako, mimi iko na karanga yangu," nami nacheka tu, mjinga mimi. Juzi nilikuwa mlimani namfuatilia hondohondo, akaruka, nikamfuata kwa zumu hadi shambani kwetu, na namwona nani? Emilia, bega kwa bega na Lado, yule jirani aliyetoka Sudan Kusini, anacheka meno yote nje, Mama, kicheko ambacho mimi sijakiona mwaka mzima, nikabonyeza mara saba. Sikushuka kuwauliza. Nilimtumia picha Celestino, kaka wa Emilia kule Ajia, naye akaja kwa hasira akamchukua dada yake, huku Emilia analia, "Lado ilikuwa mbali!" Mbali gani, na bega limegusa bega? Jumapili wazee wa pande zote wanakaa Ajia, nami nimeambiwa nije na picha. Je, niisafishe kwenye karatasi iwe kubwa ili waione vizuri? Nakutumia na wewe uone.

Amandu, Dranya

Bwana Amandu, pole. Wivu naujua, nami nimewahi kuaibika kwa ajili yake mbele za watu. Lakini ebo! Mwalimu mzima! Picha yako nimeitazama, kisha nikamwonyesha Shafiki anayepiga picha za harusi hapa Arua, akacheka mpaka nikamkemea. Tazama miguu, baba. Emilia anaonekana hadi ndala zake. Lado amefunikwa na mihogo hadi kiunoni, yaani yuko ng'ambo ya mihogo, mbali na mkeo. Shafiki anasema ukivuta zumu mpaka mwisho, mtu aliye hatua ishirini nyuma anaonekana kama amesimama ubavuni. Mara ngapi umepiga ndege wa miti miwili wakatokea kama wako tawi moja? Kwa ndege ulijua. Kwa mkeo hukutaka kujua.

Na kicheko, je? Watu wa mashamba jirani huitana na kutaniana, ndiyo kazi inavyokwenda. Kama hujakiona mwaka mzima, jiulize Jumamosi zako zote ulikuwa wapi. Sikugombezi kwa kupenda ndege. Nakugombeza kwa kumchungulia mkeo kutoka mlimani, kisha ukamshtaki kwa kaka yake bila kumuuliza yeye hata neno moja.

Sasa nisikilize. Usisafishe chochote. Usingoje Jumapili. Kesho asubuhi nenda Ajia, mwonyeshe Celestino hiyo mihogo kwa kidole chako kwenye picha uliyomtumia, useme kwa mdomo wako kwamba umekosea, na useme mbele ya Emilia. Ukirudi Dranya, pitia kwa Lado umwombe radhi, kwa sababu yule amekimbia vita na hana ndugu wa kumsemea kwenye kikao cha wazee wenu. Kamera iache nyumbani.

Halafu muulize Emilia kama bado anataka kuishi na wewe. Akikataa, usipandishe sauti. Kwao umempeleka wewe. Kurudi ataamua yeye.